Treni Imefika, Abiria Afikeje Mjini?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tuangalie jambo moja: umbali kati ya stesheni ya treni na mahali abiria anakokwenda.

Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Stesheni ya Mbeya iko upande wa Iyunga, nje ya katikati ya jiji. Iringa mjini reli haifiki. Msafiri huteremkia Makambako, kisha hutafuta basi.

Kwa nini hili likuhusu? Mfikirie mama anayeshuka usiku, mtoto mgongoni, gunia la mchele miguuni. Daladala zimelala. Bodaboda haibebi vyote. Nafuu ya nauli ya treni inaishia kwenye teksi. Mkazi wa mji mdogo wa Igawa, anayepitiwa na mabasi ya barabara kuu, ataifuata treni kwa lipi?

Kwa upande mmoja, wajenzi walikuwa na sababu: reli ya mizigo inahitaji eneo pana na njia isiyo na miinuko mikali. Kwa upande mwingine, kuhamisha stesheni si lazima. Mfano ni Nairobi, ambako treni ya mjini huwaunganisha abiria na kituo cha reli ya kisasa (SGR) cha Syokimau.

Sasa, ufufuaji wa TAZARA unapozungumzwa, swali ni hili: nani atahakikisha daladala inamsubiri abiria, hata treni ikichelewa?