Hata chembe ina jina lake

Jioni ya Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi kibarazani kwa jirani yangu hapa Sakina. Shemeji alikuwa na ungo mapajani, akichambua maharage ya mbegu. Mumewe alikuwa amenuna. Binti yao aliyemaliza kidato cha sita amechaguliwa kusoma jiolojia chuo kikuu, na mzee anataka abadilishe kozi, asome biashara.

"Bwana mtangazaji," akaniambia, "ingekuwa tanzanite ya Mererani ningeelewa. Lakini huyu anataka kusomea magamba ya viumbe vya baharini vilivyokufa zamani, vidogo kama punje ya mchanga! Nimsomeshe mtoto akapange vumbi?"

Simlaumu. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru tumezoea majivu ya volkano na mawe meusi. Habari za bahari ziko mbali nasi. Nilijaribu kumweleza, na leo naomba niwaeleze na ninyi.

Viumbe hao wanaitwa foraminifera. Kila mmoja ni seli moja tu, lakini wengi hujijengea gamba la chokaa lenye vyumba. Wapo baharini hata leo, ila aina nyingi mno zimekwisha kutoweka, yamebaki magamba yake ndani ya miamba. Wengi hawafikii milimita moja. Wachache walikuwa wakubwa kama sarafu, na piramidi za Giza kule Misri zimejengwa kwa mawe yaliyojaa magamba ya hao wakubwa. Mgiriki mmoja, Strabo, aliyefika huko yapata miaka 2,000 iliyopita, alisimuliwa kwamba zile ni dengu za chakula cha vibarua zilizogeuka mawe. Kazi ya kuainisha huanzia hapo: kukataa kukiita kitu dengu eti kwa sababu kinafanana na dengu.

Sasa twende kusini, Kilwa na Lindi. Huko kuna udongo wa mfinyanzi uliotuama chini ya bahari mamilioni ya miaka iliyopita. Mtaalamu huchukua donge, huliosha kwenye chekeche lenye matundu madogo sana, hukausha masalia, kisha huyatazama kwa hadubini na kuokota gamba moja moja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Anajiuliza: vyumba ni vingapi? Vimejipanga vipi? Mdomo uko wapi? Ukuta ni laini au una vitundu? Akipata majibu anapata jina, na akipata jina anapata umri wa udongo, kwa sababu kila aina iliishi kipindi chake, ikatoweka, isirudi tena. Ndiyo maana watafutaji wa mafuta na gesi huwahitaji watu hawa. Vipande vya mwamba vinavyopandishwa na keekee kutoka chini havikuandikwa tarehe. Gamba ndilo tarehe.

Majina yenyewe hurekebishwa. Mwaka 1962 wataalamu wawili, Blow na Banner, walichapisha aina kadhaa mpya kutoka Lindi. Mojawapo waliiita africana, wakaiweka katika kundi la Globigerinita. Waliokuja baadaye walitazama upya, wakaihamishia kundi la Catapsydrax. Gamba ni lile lile, ila limetazamwa kwa makini zaidi.

Mtauliza, faida iko wapi kwa mtu asiyechimba mafuta? Kwa miaka mingi magamba ya baharini yalionyesha kwamba zamani, dunia ilipokuwa na joto kali, bahari za tropiki zilikuwa na ubaridi. Jambo hilo liliwatatiza wengi. Mwaka 2001, Paul Pearson na wenzake, akiwemo Mtanzania Joyce Singano wa Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, walionyesha kosa lilipo. Magamba mengi yalikuwa yamebadilika yakiwa chini ya bahari. Yale yaliyohifadhiwa vizuri kwenye udongo wa mfinyanzi, yakiwemo ya kwetu Tanzania, yanayong'aa kama kioo, yalitoa jibu jingine: bahari hizo zilikuwa na nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, au zaidi.

Kuna kundi jingine liitwalo Hantkenina, lenye miiba mirefu iliyo wazi ndani. Visima vya utafiti vilivyochimbwa Lindi vinaonyesha lilivyotoweka miaka milioni 34 hivi iliyopita, karibu na wakati ule barafu kuu ya Antaktika ilipokuwa ikijijenga. Sisi tunaoona barafu ya Kilimanjaro ikipungua, hatuwezi kusema habari za dunia kubadilika hali ya hewa hazituhusu.

Na mwaka 2014 aina moja ya kale ya Hantkenina, iliyochunguzwa katika udongo wa Tanzania, ilitangazwa kwa jina la singanoi, kwa heshima ya Singano huyo huyo. Jina la Mtanzania limeingia katika orodha ambayo kwa muda mrefu tulikuwa tukitoa udongo tu, majina yakitolewa na wengine.

Nilipofika hapo, jirani alikaa kimya. Ni shemeji aliyesema, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo: "Baba, mimi nikichanganya mbegu hizi huwa unanigombeza. Unasema nimekuharibia shamba. Sasa mtoto akitaka kujifunza kuchambua, kosa lake nini?"

Mzee hakujibu. Lakini fomu ya kubadili kozi ilikuwa imewekwa chini ya kikombe cha chai, na hadi naaga ilikuwa bado haijajazwa.

Wazazi wenzangu, udongo wa Kilwa na Lindi utaendelea kuchunguzwa, tukitaka tusitake. Swali ni kama kwenye hadubini atakuwepo na mtoto wetu. Tusimrudishe nyumbani kwa sababu tu anachokitazama ni kidogo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.