Gari la Chama Linapozimika Njiani

(Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika na makatibu na wajumbe wa vyama vya msingi)



Mmezoea kuniona nikiwa na daftari la fedha mkononi. Leo nimekuja na bisibisi. Mimi si makanika, lakini katika ukaguzi wangu nimeona fedha nyingi za wanachama zikiishia kwenye injini, wala hazikuibwa na mtu. Zilipotea kwa kuwa hati ya malipo iliandikwa kabla ya kuulizwa gari linaugua nini.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kilikuwa na Land Rover ya petroli ya Series III, aina iliyoundwa Uingereza kati ya 1971 na 1985. Petroli iliyonunuliwa haikulingana na kilomita zilizoandikwa. Nikashauri katika taarifa yangu kwamba tangi litiwe kifuniko chenye kufuli. Kamati ikatii, na fundi wa kijijini akatengeneza kifuniko kizito cha chuma, kikabana barabara.

Tangu hapo gari likawa linazimika. Asubuhi hutoka vizuri. Baada ya nusu saa hivi hukohoa, hupungukiwa nguvu, kisha kimya. Likipumzishwa kando ya njia, huwaka tena. Ulikuwa msimu wa pamba, na wakulima walilala magulioni wakilinda magunia yao. Kamati iliamini kuwa dereva anafanya makusudi kwa hasira ya kufungiwa petroli. Akasimamishwa kazi. Zikanunuliwa kabureta mpya na pampu mpya, na gari likaendelea kuzimika mikononi mwa dereva wa pili.

Huyo wa pili ndiye aliyefungua kifuniko gari lilipozimika, akasikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio. Ndugu zangu, petroli inapotoka tangini ni lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Kifuniko cha asili kilikuwa na njia ndogo ya hewa. Hiki cha kwetu hakikuwa nayo. Pampu ilivuta mpaka ikashindwa. Kifuniko kilivuliwa, kikatobolewa tundu dogo, na ugonjwa ukaisha.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa dereva liwe hili: limezimikaje? Likikatika ghafla kama taa iliyozimwa, shukuni umeme kwanza: waya uliolegea kwenye koili, pointi zilizoungua, kondensa iliyokufa, au koili yenyewe, ambayo huweza kuwa nzima ikiwa baridi na kushindwa ikipata moto. Likikohoa na kudhoofika, shukuni petroli: kifuniko, uchafu au maji katika chujio, pampu iliyochoka. Mchana wa jua kali, kwenye mlima, petroli yaweza kuchemka ndani ya bomba lililopita karibu na eksozi, mvuke ukaziba njia. Kitambaa chenye maji baridi juu ya bomba hilo huonyesha ukweli. Likizimika tu linaposimama likinguruma polepole, tazameni kwanza marekebisho ya kabureta, na gasketi iliyo chini yake kama haivuti hewa.

Kipimo kifanyike pale pale, kwa maana injini ikisha poa hukana kila kitu. Plagi ifunguliwe, iegeshwe kwenye chuma cha injini, injini izungushwe: cheche ipo au haipo? Kisha, kwa wakati mwingine na mbali na sigara, bomba la kabureta lifunguliwe kuona kama petroli inafika. Cheche na petroli iliyo wazi zisikutane kamwe. Gari bovu ni afadhali kuliko gari lililoungua.

Kuhusu sauti, wekeni ncha ya bisibisi ndefu juu ya injini na mpini sikioni, mbali na feni. Mlio mwepesi wa tiki-tiki juu ya injini kwa kawaida ni tapeti zinazohitaji kurekebishwa. Gari litafika nyumbani. Kilio kikali mnapowasha mara nyingi ni mkanda wa feni. Mlio wa kugongagonga mlimani huashiria kuwa cheche inawahi mno au petroli ni hafifu. Lakini mkisikia mgongo mzito kutoka chini, unaozidi gari linapobeba mzigo, zimeni hapo hapo na mpime oili. Huenda ni beringi za konrodi. Kuendelea kilomita chache tu kwaweza kuharibu kranki, na hapo ndipo chama hununua injini nzima. Dereva anayesimama kwa ajili ya sauti hiyo asikaripiwe kwa kuchelewesha mazao.

Makatibu, nawaomba katika daftari la safari muongeze nafasi ya kuandika: limezimika saa ngapi, injini ikiwa moto au baridi, mlimani au tambarare, likiwa na mzigo gani. Hati yoyote ya kununua kifaa iambatane na maelezo hayo. Mimi sitaipitisha bila hayo. Magari mapya yanayoongozwa na kompyuta yana vipimo vyake, lakini maswali haya hata huko yanamsaidia fundi.

Yule dereva wa kwanza alirudishwa kazini na kulipwa mishahara yake ya miezi mitatu. Barua ya kumwomba radhi niliiandika mimi.

Gari la Chama Kikuu liko nje chini ya mwembe, na injini bado ina moto. Twendeni tukalisikilize.