MGONJWA AAMBIWE, MGONJWA AULIZWE

(Maneno yaliyosomwa katika mkutano wa wanachama. Yamebandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shambani.)



Safari hii hatukuja kusema habari za mbegu wala madeni. Tumeombwa tuzungumze juu ya kansa, ambayo hospitalini huitwa saratani. Kuitibu ni kazi ya waganga. Sisi tunataka kusema juu ya maneno yanayopita, au yasiyopita, kati ya mganga na mgonjwa.

Tukileta maharage kwenye mzani, kila mmoja huinama aone mshale umesimama wapi. Karani akiandika kilo pungufu, kelele! Mtu huyo huyo akifika hospitali anaitikia tu "ndiyo bwana mganga", anatoka na karatasi asiyojua imeandikwa nini.

Mambo yanavyokwenda tunayajua. Mama anaumwa, naye anasema Kiha tu. Anapelekwa na mwanawe. Daktari anaeleza kwa Kiswahili, tena kile chenye Kiingereza ndani yake. Kijana anasikia "kansa", anaogopa, anamgeukia mama yake: "Wanasema ni kidonda, kitapona." Hana nia mbaya, ni huruma. Lakini tazameni. Mama akiambiwa apande gari kwenda Mwanza anakataa, maana nani atauza ng'ombe kwa ajili ya kidonda? Anabaki nyumbani, miezi inapita, na ugonjwa ambao pengine ungetibika unaenea mwilini.

Mwalimu Nyerere alifariki kwa kansa ya damu huko London, tarehe 14 Oktoba 1999. Ikiwa ugonjwa wa Mwalimu ulitajwa kwa jina lake mbele ya taifa zima, hapana aibu kumtajia mama yetu wa kwake.

Basi kuambiwa ni jambo moja. Kuulizwa ni la pili, na hili watu wengi hawalijui kabisa. Wanadhani tiba ni moja tu na mganga ameshaamua. Chukueni kansa ya titi. Ikiwahiwa mapema, mara nyingine daktari anaweza kuondoa uvimbe tu na kuliacha titi, lakini baada ya hapo inatakiwa mionzi, siku kwa siku, kwa majuma kadhaa. Mionzi haipo Kibondo wala Maweni. Kwetu sisi iliyo karibu ni Bugando, Mwanza. Nyingine ni Ocean Road, Dar es Salaam, taasisi ya saratani iliyoundwa mwaka 1996. Njia ya pili ni kuondoa titi lote, na mwenye uvimbe mdogo pengine asihitaji mionzi. Mwanamke mmoja atasema nikatwe nirudi kwa watoto. Mwingine atasema titi langu nalitaka, nitakaa Mwanza kwa ndugu. Wote wawili wana haki. Mganga anaijua dawa, lakini hajui nani atabaki na mtoto anayenyonya, wala kama huku ni msimu wa kupalilia.

Au kansa ya shingo ya kizazi, inayowapata wanawake wa Tanzania kuliko kansa nyingine yoyote. Mionzi yake huondoa na uwezo wa kuzaa. Mwanamke wa miaka 30 alijue hilo kabla hajalala kwenye mashine, siyo baada. Na mume je? Mume ashauriwe, ndiyo. Lakini karatasi ya kukubali upasuaji ni ya mwenye mwili, akiwa mtu mzima mwenye akili zake. Tunajua wapo wazee watakaonung'unika hapa.

Wapo pia wagonjwa wasiotaka kusikia. Nayo ni haki yao. Ila aulizwe kwanza: "Mama, daktari akueleze wewe, au amweleze mwanao?" Akishajibu mwenyewe, yamekwisha.

Wengine wanasema eti uvimbe ukiguswa na kisu kansa inasambaa. Siyo kweli. Wengi wanafika ugonjwa umekwisha kuenea, ndipo kisu kinalaumiwa. Lakini mwenye hofu hiyo aitoe mbele ya daktari, asiifiche halafu akatoroka wodini usiku.

Maswali yenyewe si mengi. Ugonjwa wangu unaitwaje, na umefika wapi? Tiba hii ni ya kuponya au ya kutuliza tu? Nitakaa siku ngapi? Nisipotibiwa itakuwaje? Wakikata kinyama kupeleka maabara, usiondoke bila kujua majibu yatatoka lini na utayapataje. Hapo wengi wanapotelea. Namba ya simu iliyoandikwa ni ya mpwa aliyekwisha kuhama! Andikisheni namba ya mtu anayekaa hapa hapa.

Na kama jibu ni kwamba haiponi, mazungumzo hayajaisha. Aulize maumivu yatatulizwaje. Iko dawa ya kunywa, mofini, kwa maumivu makali ya kansa. Wenzetu wa Uganda, tangu mwaka 2004, wauguzi waliosomea kazi hiyo wanaruhusiwa na sheria kuiandika, ili mgonjwa wa kijijini asilie mpaka kufa.

Waganga nao tunawaambia: foleni ni ndefu, tunaiona. Lakini mama wa kwetu aliyejibiwa "wewe unauliza sana" hakurudi tena hospitali ile.

Kamati imepata wanachama watatu, akina mama wawili na baba mmoja, wanaojua Kiha na Kiswahili sawasawa. Watafuatana na mgonjwa mpaka Kibondo, wafasiri neno kwa neno bila kupunguza, na watakayoyasikia hayatafika kilabuni. Anayewahitaji amwone katibu siku ya mzani, au amtume mtu.