Uchaguzi wa Spika kwa Kumbi na Nyumba za Ibada



Waandaaji wameniomba nianze na istilahi. Nitazipitia haraka kwa kuwa nyote mnazifahamu. Mfumo wa matangazo una maikrofoni, mikisa, amplifaya na spika. Wati hupima nguvu ya umeme, desibeli hupima ukubwa wa sauti. Spika za tarumbeta zinafaa mnarani na uwanjani, za dari zinafaa ofisini na hospitalini, na za safu, zile nyembamba ndefu, zinafaa kumbi kubwa. Waya ukienda mbali hutumika mfumo wa volti 100, kila spika na transfoma yake. Jumla ya wati za transfoma zote isizidi uwezo wa amplifaya, na ibaki akiba kama asilimia 20. Istilahi ziishie hapo.

Zabuni nyingi ninazoletewa zina mstari mmoja tu kuhusu spika: "spika 8, wati 500 kila moja." Hazisemi spika itatazama wapi, wala ukumbi una mwangwi kiasi gani. Wauzaji wa Kariakoo wanajua kwamba mnunuzi anatazama wati, ndiyo maana utakuta boksi limeandikwa wati 5000, nguvu ambayo spika iliyomo haiwezi kuibeba hata dakika moja. Tena ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu zinahitajika desibeli 10 hivi, yaani wati mara kumi.

Hata hivyo, malalamiko yanayonifikia si "hatusikii". Ni "tunasikia, ila hatuelewi anachosema." Nimelieleza jambo hili kwenye vikao vingi, na bado barua zinazokuja zinaomba spika kubwa zaidi.

Chukueni ukumbi wa urefu wa mita 30, upana 15 na kimo 7, sakafu ya vigae, kuta za plasta. Tuseme nyuso zake zinanyonya asilimia 5 ya sauti. Kwa fomula ya Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard aliyeanza kuchunguza mwangwi mwaka 1895 kwa sababu ya ukumbi mmoja wa mihadhara uliokuwa hausikiki vizuri, sauti ndani ya ukumbi wetu mtupu itachukua karibu sekunde 7 kufifia. Usemi unahitaji kama sekunde 1. Silabi ya kwanza bado inazunguka darini wakati ya kumi inatamkwa. Katika hali hiyo, ukisogea kama mita 3 tu kutoka spika ya kawaida, mwangwi unalingana na sauti yenyewe, na nyuma ya hapo unaizidi. Ukipandisha volyumu, vyote viwili vinapanda pamoja. Ukifunga spika 8 kuzunguka kuta, msikilizaji anapata sauti safi kutoka moja au mbili, na mwangwi kutoka zote 8.

Sabine alitumia dirisha lililo wazi kuwa kipimo chake cha unyonyaji wa sauti, maana sauti ikishatoka nje hairudi. Kumbi zetu za zamani zenye matofali ya matundu zilikuwa na faida hiyo bila gharama yoyote. Ipo kamati ya ujenzi, sitaitaja, iliyoziba matundu, ikaweka madirisha ya vioo na alumini pamoja na viyoyozi, kisha ikaagiza spika mpya kwa maelezo kwamba za zamani "zimechoka". Zilikuwa nzima kabisa.

Mapendekezo

Zabuni isitaje wati peke yake. Itaje desibeli ambazo spika inatoa kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1, upana wa eneo inalolenga, na wati inazoweza kubeba muda wote.

Fundi sauti ashirikishwe kwenye ramani. Kwa kawaida naitwa rangi ikiwa imeshakauka.

Kumbi zenye mwangwi zitumie spika za safu, zifungwe mbele, zilenge vichwa vya wasikilizaji, zisilenge dari wala ukuta wa nyuma. Ukumbi ukiwa mrefu, spika za katikati zicheleweshwe kwa kifaa. Sauti husafiri takriban mita 345 kwa sekunde, hivyo ya mbele ikivuka mita 20 inachelewa karibu milisekunde 60, na aliyeketi chini ya spika ya katikati anasikia kama kuna wahubiri wawili.

Sehemu ya fedha za spika inunue mapazia mazito na vibao vya kunyonya sauti kwa ukuta wa nyuma. Misikiti yenye zulia sakafu nzima imetangulia hapa, ingawa zulia peke yake halitoshi.

Majaribio yafanyike watu wakiwemo, kwani watu 300 katika ukumbi ule wa mfano, hata madirisha yakiwa yamefungwa, wanaushusha mwangwi hadi sekunde 2 na nusu hivi. Mkataba udai kipimo cha uelewekaji wa usemi, kinachoanzia 0 hadi 1, kisiwe chini ya 0.5. Malipo ya mwisho yasubiri kipimo hicho.

Maiki zisizotumika zizimwe.

Tarumbeta za nje zibaki nje. Viwango vya kelele kwa majirani vimo katika kanuni za mazingira za Tanzania za mwaka 2015, na mamlaka ya mazingira ndiyo yenye kauli. Mimi nashauri tu kwamba tarumbeta zielekezwe chini, kwa waumini.

Narudia, na naomba iingie kwenye kumbukumbu: zabuni isitaje wati peke yake.

Kwa kumbi ambazo spika zimeshanunuliwa, kabla ya kuandika barua ya kuomba nyingine, fungueni madirisha, zimeni spika za nyuma na za pembeni zinazopiga ukutani, kisha mwenyekiti wa kamati akaketi kiti cha mwisho asikilize.