HAKI YA MGONJWA KUTULIZWA MAUMIVU



Tunapotaja haki, fikra zetu huenda upesi kwenye ardhi, mishahara na kura. Leo tunapenda kumkumbuka mtu asiyeweza kusimama kudai hata kimoja kati ya hivyo: mgonjwa wa saratani iliyokwisha kuenea mifupani, asiyepata usingizi usiku wala mchana. Waswahili husema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Sisi wazima twaweza kuahirisha jambo hili, yeye hawezi.

1. Sheria na makusudi yake

Dawa ya kutuliza maumivu makali ya namna hiyo ipo, inajulikana tangu zamani, na bei yake si kubwa: ni mofini. Kwa kuwa dawa hiyo yaweza kuleta uraibu ikitumiwa ovyo, sheria huifunga kwa kufuli nyingi. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya ndio msingi wa sheria za nchi nyingi. Wengi huukumbuka kwa makatazo yake. Lakini katika utangulizi wake mkataba huo unakiri kwamba dawa hizi ni za lazima katika kutuliza maumivu, na kwamba mataifa yanapaswa kuhakikisha zinapatikana kwa matibabu. Basi wajibu ni wa namna mbili: kuzuia matumizi mabaya, na kumfikishia mgonjwa dawa yake.

Wajibu wa kwanza umetekelezwa kwa bidii; wa pili umesahauliwa. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoandika katika jarida la kitabibu la Lancet ilionyesha kwamba, kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizogawiwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa zilipata tani 0.1 tu, yaani kilo mia moja. Mgawo wa namna hiyo hatuwezi kuuita haki.

2. Mfano wa Uganda

Majirani zetu wa Uganda wanatufundisha kwamba kanuni zaweza kurekebishwa bila kuvunja ulinzi. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman, aliyekuwa amehudumu katika Hospisi ya Nairobi, alianzisha hospisi mjini Kampala. Unga wa mofini ulichanganywa na maji, ukawa dawa ya kunywa ambayo mgonjwa aweza kuitumia nyumbani kwake. Dawa hiyo hutiwa rangi kulingana na nguvu yake, ili chupa moja isidhaniwe kuwa nyingine.

Hata hivyo, kikwazo kilibaki. Aliyeruhusiwa kuandika cheti cha mofini ni daktari, na madaktari wengi walikuwa mijini, wakati wagonjwa wengi wako vijijini. Dawa yaweza kuwapo katika ghala, na mgonjwa akafa akilia, kwa sababu tu hakuna mkono ulioruhusiwa kutia sahihi.

Mwaka 2004 kanuni zilibadilishwa. Wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu ya tiba shufaa waliruhusiwa kuandika mofini. Hakuna aliyefungua mlango kwa kila mtu: mafunzo yalidaiwa, cheti kilidaiwa, na hesabu ya dawa ikaendelea kuandikwa katika daftari. Kilichobadilika ni kwamba ruhusa ilimfuata yule aliye karibu na mgonjwa. Na kwa kuwa serikali iliamua mofini ya kunywa itolewe bure, umaskini nao haukuachwa uwe kufuli jingine.

3. Hofu zetu

Wapo wanaouliza: je, hatutaleta uraibu? Swali hili ni la haki. Marekani, ambako tangu miaka ya 1990 vidonge vya jamii hii viliandikwa kwa wingi mno na kutangazwa kwa tamaa ya faida, watu wengi sana wamepoteza maisha. Kwa hiyo hatuombi kufuli zivunjwe. Twaomba funguo zikabidhiwe kwa watu waliofundishwa, wanaopimwa kazi yao, na wasiofaidika kwa kuuza zaidi.

Wengine huona kwamba kumpa mgonjwa mofini ni kumharakishia kifo. La hasha. Kipimo kilichoanza kidogo na kupandishwa kwa uangalifu humrudishia mgonjwa usingizi, hamu ya kula na nafasi ya kuagana na watu wake. Tena, mwaka 1957 Papa Pio XII, akiwajibu madaktari, alieleza kwamba ni halali kutuliza maumivu kwa dawa hizi pale ambapo hakuna njia nyingine, hata ikiwa maisha yatafupishwa bila kukusudiwa. Mkristo asimnyime mzazi wake dawa akidhani kwamba anamtii Mungu.

4. Yatupasa kufanya nini?

Kwanza, tuulize. Viongozi wa jumuiya waulize katika hospitali ya wilaya: je, mofini ya kunywa ipo? Nani anaruhusiwa kuiandika? Muuguzi wetu aweza kupelekwa mafunzoni? Jibu likiwa ni hapana, lifikishwe kwa diwani na mbunge, kwa heshima lakini bila kuchoka.

Pili, tutunze. Chupa ya mofini ifungiwe mahali ambapo watoto hawafiki, isigawiwe kwa mtu mwingine hata akiumwa vipi, na mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe ilikotoka. Nyumba moja ikiiuza dawa hiyo mtaani, wagonjwa wa kijiji kizima wataadhibiwa.

Tatu, tumtembelee mgonjwa na tumwamini anaposema kwamba anaumwa. Msamaria wa Injili hakumwuliza yule majeruhi kama amestahili mafuta na divai. Alimfunga majeraha kwanza.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika kijiji chetu, mgonjwa mwenye maumivu makali husafiri umbali gani ili kupata dawa?
2. Ni hofu gani zinazotufanya tuikatae au tuifiche mofini?
3. Jumuiya yetu itamtuma nani kuuliza hospitalini, na atatuletea jibu lini?