Gershomu, Mtoto wa Ugenini

Somo: Kutoka 2:15-22 na 18:1-7

Nawasalimu ninyi akina baba na mama mnaofunga safari kwenda ng'ambo kwa kazi au masomo, mkiwa na watoto wadogo mkononi. Nanyi wazee mtakaobaki nyumbani mkingoja simu, nawasalimu pia.

Musa alipomkimbia Farao alifika nchi ya Midiani, akaketi karibu na kisima. Kuhani wa nchi ile alimkaribisha kwake, akamwoza binti yake Sipora, na wakapata mtoto wa kiume. Musa akampa jina Gershomu, ili kukumbusha kwamba yeye Musa alikuwa mgeni katika nchi isiyo yake.

Hebu tulitazame jina hilo. Mgeni alikuwa nani? Alikuwa Musa. Mtoto hakuwa mgeni hata kidogo. Alizaliwa pale, mama yake alikuwa wa pale, na babu yake alikuwa na kondoo pale pale. Kisima kile ndicho kisima alichokijua. Lakini kila alipoitwa kuja kula, aliitwa kwa majonzi ya baba yake.

Ndugu zangu, akina Gershomu wako wengi leo. Mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilipatana kuhusu wauguzi wetu kwenda kufanya kazi huko. Wengine huenda Marekani, Kanada au nchi za Ghuba. Wengi wao, ukiwauliza, watakuambia, "Ni miaka miwili tu, kisha tunarudi." Kwa mtu wa miaka 35, miaka miwili ni kitambo kidogo. Kwa mtoto wa miaka minne, hiyo ni nusu ya maisha yake yote, tena ndiyo nusu anayoikumbuka.

Na nyumba ya miaka miwili tu huwaje? Masanduku mengine hayajafunguliwa, yako chini ya kitanda. Mtoto akitaka kubandika picha yake ukutani, anaambiwa angoje mpaka wafike nyumbani. Akitaka kumleta rafiki wa shuleni, anaambiwa hapa tunapita tu. Mama anarudi kutoka zamu ya usiku wakati baba anatoka kwenda zamu ya mchana, wanapokezana mtoto mlangoni kama vijana wapokezanavyo kijiti katika mbio. Mwezi wa Desemba, kaskazini mwa Uingereza, jua hutua kabla ya saa kumi jioni, na mtoto amefungiwa ndani na televisheni. Pesa zote zimekwenda kwenye ploti. Ploti ni kitu chema, sikatai. Lakini mtoto hawezi kulala leo katika nyumba ambayo bado ni msingi na mawe huko Kitengela.

Jambo hili la miaka miwili si geni katika Biblia. Watu wa Yuda walipochukuliwa mateka Babeli, alitokea nabii mmoja, Hanania, akatangaza kwamba katika miaka miwili mambo yatakwisha. Bila shaka watu walimpenda! Yeremia aliwaandikia barua ya namna nyingine kabisa. Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozwa, na wauombee heri mji ule ule walioutazama kama gereza. Safari yao haikuwa ya miaka miwili. Ilikuwa sabini.

Kwa hiyo, mzazi uliye ng'ambo, fungua masanduku hayo. Bandika picha ya mtoto. Ujue jina la mwalimu wake na la mama wa rafiki yake. Tafuta kanisa lililo karibu, hata kama waumini ni wazee kumi na wanane na nyimbo zao zaenda polepole mno. Mtoto ataombewa pale kwa jina lake, na kwa wazee wale atapata babu na nyanya wa muda.

Tena, sema naye kwa lugha yenu. Wako wanaoshauri kwamba lugha mbili humchanganya mtoto. Si kweli, na sisi Wakenya tungepaswa kuwa wa mwisho kuliamini neno hilo. Mtoto wa Machakos husema Kikamba nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani, na hakuna aliyemwita mgonjwa. Kiingereza atakipata shuleni bila kufundishwa na wewe. Lugha ya nyanya yake hakuna mwingine huko atakayempa.

Maana siku ya kurudi itafika. Musa naye alimpandisha mkewe na wanawe juu ya punda, akashika njia ya Misri. Kwa Musa huko kulikuwa kurudi. Kwa Gershomu kulikuwa kuhama kwao.

Katiba yetu ya mwaka 2010 inasema kwamba mtoto wa Mkenya ni raia kwa kuzaliwa, hata akizaliwa nje ya nchi. Ni neno zuri. Lakini uraia haumfundishi mtoto kumwamkia nyanya yake. Anaweza kushuka uwanja wa ndege akiwa raia kamili, akafika nyumbani, binamu zake wakamcheka na kumwita Mzungu. Mwaka wa shule aliouacha ulianza Septemba, wa hapa huanza Januari, kwa hiyo anaingizwa katikati ya darasa ambalo wenzake wamekwisha kuzoeana. Kiswahili kinamshinda. Usiku analia akitaka "nyumbani", na mama anashangaa, kwa maana yuko nyumbani. Ninyi wazee, hapo msiseme kwamba mtoto ameharibika. Mkalisheni jikoni, mumpe muda, mumwulize habari za rafiki aliyemwacha kule.

Musa alipata mwana wa pili, akamwita Eliezeri, kwa sababu Mungu alikuwa msaada wake. Huyo wa pili alipewa jina la shukrani. Baadaye Yethro aliwaleta wale vijana wawili jangwani pamoja na mama yao. Musa alitoka kumlaki mkwewe, akainama, akambusu, wakajuliana hali, wakaingia hemani. Aliyowaambia wanawe siku hiyo hayakuandikwa.

Tuombe.

Ee Baba, umwangalie mtoto anayelala sasa katika nchi ambayo wazazi wake hawakuizoea. Mpe mama yake nguvu za kuketi naye kabla ya zamu. Umlinde nyanya yake hapa hata waonane. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.