Funga Vifaa, Usijifunge: Kupanga Zana kwenye Mtumbwi Mdogo na Kayaki ya Uvuvi

(Maelezo ya afisa wa uvuvi wa kaunti kwa wanachama wa BMU na vijana wanaovua kwa kayaki, kabla ya mazoezi ya usalama majini.)

Sikuja kumfundisha mtu kuvua. Hapa wameketi wazee walioshika mshipi kabla mimi sijazaliwa. Nimekuja kwa jambo moja tu: vitu tunavyopakia ndani ya chombo kidogo, na namna tunavyovifunga.

Nikisema chombo kidogo nina maana ya mtumbwi wa mtu mmoja au wawili, pamoja na hizi kayaki za plastiki ambazo baadhi ya vijana wameanza kuvulia. Mzee anaweza kuziona kama mchezo wa watalii, lakini kwa hili tunalozungumza leo ni ndugu wa mtumbwi. Ndani yake huwezi kusimama ukatembea. Unakaa, na unachoweza kutumia ni kile tu kinachofikiwa na mikono yako. Kitu kilicho nyuma ya mgongo wako, bahari ikichafuka, ni sawa na kitu ulichokiacha nyumbani.

Sasa tazameni mtumbwi unaporudi hapa pwani asubuhi. Mishipi minne au mitano, kipande cha wavu, kamba ya nanga imetandaa, makopo ya chambo, mkoba wa nguo, ndoana zimelala popote. Kila kitu kiliingia kwa sababu yake. Vikikaa pamoja vinakuwa kichaka miguuni mwa mvuvi.

Mtumbwi ukipinduka, ambacho hakikufungwa kinakwenda na maji: kafi, upo, simu, samaki wa siku nzima. Na kilichofungwa kwa kamba ndefu kinamzunguka mwenye chombo miguu na shingo. Ndiyo maana sipendi kusikia watu wakiambiwa "fungeni kila kitu" halafu basi. Kamba inayookoa kafi ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumshika mtu chini ya maji. Kazi yetu ni kufunga vifaa bila kujifunga sisi wenyewe, na njia ya kwanza ni kuwa na vifaa vichache.

Fanyeni hivi. Mkirudi kuvua, toeni kila kitu mkitandaze mchangani. Tengeni mlichokigusa siku hiyo na ambacho hamkukigusa. Rudieni safari tatu. Kitu ambacho hakikuguswa safari zote tatu kinabaki nyumbani, isipokuwa vitu vya uhai: jaketi la kuokoa maisha, upo, kafi la akiba, kisu, filimbi na maji ya kunywa. Hivyo havihesabiwi, hata kama mwaka mzima hamkuvihitaji. Na kama pesa iliyopo inatosha kitu kimoja tu, mshipi mpya au jaketi, mimi nasema jaketi. Najua wengine mtabisha.

Kwa mtu mmoja mishipi miwili inatosha, mmoja majini na mwingine wa akiba umezungushwa kwenye kibao au chupa. Anayetupa minne kwa wakati mmoja anatumia nusu ya siku kufumua mafundo. Ndoana zichomwe kwenye kipande cha ndara kuukuu, na kipande hicho kifungwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Bunduki ya kuchomea samaki hata nisiizungumzie. Imepigwa marufuku, mnajua.

Uzito nao. Kitu kizito kikae katikati na chini kabisa, kwenye sakafu. Mtungi wa maji, barafu na samaki wasiwekwe omo wala tezi, kwa sababu ncha iliyolemewa haiinuki wimbi linapokuja, inalichota. Kama huna kasha dogo la barafu, gunia lililoloweshwa linafaa kwa safari ya asubuhi. Kasha kubwa lililosimama juu ya vikalio linapandisha uzito juu, na chombo kinayumba kama mlevi.

Tuje kwenye kamba, na hapa nitakaa kidogo. Kafi lifungwe kwenye chombo kwa ugwe mwembamba, urefu wa kukuwezesha kupiga kafi pande zote mbili bila kubaki mwingi wa kulegea. Lifungwe kwenye chombo, si kwenye kiwiko chako. Upo ufungwe vivyo hivyo, kwa ugwe mfupi zaidi. Vifaa vingine vibanwe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, kwa sababu mpira unashika vizuri na hauachi kamba ya kuning'inia.

Nanga ndiyo inayonitia hofu kuliko vyote. Wengi wetu tunaifunga ubavuni, pale mkono unapofika kwa urahisi. Mkondo ukishika kasi, unakisukuma chombo kikae kingamo. Kamba inavuta ubavu chini, maji yanaingia upande huo huo, na mtumbwi unalala kabla mtu hajapata nafasi ya kusema lolote. Nanga ivute kutoka omo. Ikiwa omo ni mbali na mkono, funga pete pale omo, pitisha kamba ndani yake, kisha mwisho wa kamba uje ulipokaa. Watu wa kayaki wanatumia mpango huo, na hauhitaji chochote cha kununua zaidi ya pete na kamba.

Urefu wa kamba usipungue mara tatu ya kina. Kwenye pima 5, toa pima 15, na upepo ukizidi uongeze. Kamba fupi inainua nanga, nayo haishiki. Kamba ikae ndani ya ndoo ikiwa imezungushwa, si chini ya miguu. Mwisho wake ulio mkononi ufungwe kwa fundo linalofunguka kwa mvuto mmoja, na uwe na boya. Hapo ukilazimika kuondoka upesi unaiachilia yote na kurudi kuifuata boya lako maji yakitulia. Nanga ikikwama, usiiname ubavuni kuivuta kwa nguvu; iachilie, au ikate. Na itupwe mchangani. Ikitupwa juu ya matumbawe, nanga inavunja matumbawe na matumbawe yanaishika nanga, hasara mara mbili.

Wenyewe hasa wa kayaki, Wainuit wa nchi za barafu kule Aktiki, walivua na kuwinda wakiwa wamekaa hivyo hivyo, katika maji ambayo mtu akianguka hana muda mrefu. Vifaa vyao waliviweka juu, mbele yao, vikiwa vimepitishwa chini ya kamba za ngozi, kila kimoja mahali pake ili mkono ukifikie. Na kamba ya chusa hawakuifunga mwilini. Waliifunga kwenye boya la ngozi ya sili lililojazwa hewa, ili mnyama akishachomwa avute boya badala ya mtu. Nawaambia hili kwa sababu bado naona vijana wanazungusha mshipi kiganjani wakisubiri kolekole au nguru. Samaki mkubwa akivuta, mshipi huo unakata nyama, au unakuvuta wewe na mtumbwi pamoja. Fungeni mwisho wa mshipi kwenye boya dogo. Akizidi nguvu, mwachieni alivute, mumfuate.

Vijana wa kayaki, nanyi mna lenu. Kayaki inaelea kwa hewa iliyo ndani ya tumbo lake. Kila tundu mnalotoboa ili kuweka kishikio cha fimbo ya kuvulia ni mlango wa maji, na maji yanayoingia humo huyaoni. Unachohisi ni chombo kuwa kizito na kuanza kuyumba. Kama mnaweza kufunga badala ya kutoboa, fungeni. Tundu lililokwisha tobolewa lizibwe vizuri, na kizibo cha kutolea maji kikaguliwe kila asubuhi kabla ya kushua.

Kwa mtumbwi wa mbao, chukueni mitungi mitupu ya plastiki yenye kifuniko kizima. Mtungi wa lita 20 uliozibwa unabeba karibu kilo 20 ukizamishwa majini. Funga mmoja omo na mmoja tezi, chini, ubanwe usitikisike. Chombo kikijaa maji hakitazama chini yako. Kitakaa juu kiasi cha kukuwezesha kushikilia na kufua. Mitungi isiyobanwa inaponyoka na kukimbia na upepo, hivyo kaza.

Mnajua miezi yenu kuniliko. Wakati wa kaskazi bahari ni pole zaidi. Kusi likianza Aprili, chombo cha kafi kina busara kubaki ndani ya mwamba. Hatari iko mlangoni wakati wa bamvua, maji yakitoka kwa kasi na upepo wa kusi ukiyapiga uso kwa uso: mawimbi yanasimama wima. Kabla ya kufika hapo, hakuna mshipi uliobaki majini wala kamba iliyofunguliwa. Kila kitu kimebanwa, jaketi limefungwa vifungo, kisu kiko ndani ya ala kifuani, si chini ya kikalio.

Simu iingie kwenye mifuko miwili ya plastiki, kila mmoja ukifungwa kivyake, na ikae mwilini. Leseni ya mvuvi iwe humo humo. Na kabla ya kushua, mwambie mtu aliye pwani unakokwenda na saa unayotarajia kurudi. Akimwambia karani wa BMU, ni bora zaidi.

Sasa mazoezi. Tutakwenda pale maji yanapofika kiunoni. Kila mmoja atapakia chombo chake kama anavyopakia kila siku, ila ndoana na visu vibaki pwani. Halafu tutakipindua makusudi. Tutatazama nini kimeelea kikaenda, nini kimekamata miguu, na kama upo unafikika ukiwa ndani ya maji. Kilichokwenda tutakifunga, kilichokamata tutakifupisha au tutakiondoa, kisha tupindue tena. Wasiojua kuogelea wavae jaketi na wakae karibu nami. Wazee wawili watashika kamba ya mtumbwi wa kwanza. Maji yanajaa sasa, tuteremke.